Unatoa otomatiki unaweka vitesi? Uliza pedali kwanza

Wateja wengi wanafika ku garaji yetu hapa Goma na bwati ya vitesi ya mkono tayari, wameipata ku mtaa wa Birere kwa bei nzuri, wanauliza tu kazi itaisha lini. Tunawajibu, papa, bwati tutaifunga, lakini pedali ziko wapi? Hapo mtu ananyamaza. Gari ya otomatiki iko na pedali mbili tu, na ile ya freni ni pana, inakula nafasi ya ambrayaje, ao klachi.

Juzi ilifika RAV4 moja, walikata ile pedali pana ya freni na diski ya kukata chuma, wakachomelea ya ambrayaje pembeni na sudire. Nikalala chini ya volani na taa ya telefone, nikaisukuma na mkono, nikaona tole ya ukuta wa moteri, ule unaotenga moteri na ndani ya gari, inaenda mbele na kurudi kama kifuniko cha kopo ya maziwa, na kando ya bulo rangi imeshapasuka. Na mwenyewe alikuwa anashuka nayo njia ya Sake na watoto nyuma! Ile siku sikulala vizuri, kweli. Tulitoa yote.

Sisi hatuchomelei pedali ya freni, hata ukiongeza pesa. Tunataka kiti yote ya pedali, ile chuma nzima inayozibeba, kutoka gari ya vitesi ya aina ile ile, na volani upande ule ule, juu hapa kwetu magari mengi volani iko kuume na kiti ya pedali ya gari ya volani kushoto haitaingia. Tunashusha nguzo ya volani, tunatoa pini inayoshika fimbo ya freni, tunalegeza nati za servo, ile ngoma inayoongeza nguvu ya freni, kisha kiti inatoka. Silindri ya ambrayaje inataka tundu yake ku ukuta, na magari mengi ya Japani yako na alama au kifuniko pale pale, unatoboa bila kubahatisha.

Kazi ya kweli inakuja nyuma: kupima ule mchezo mdogo wa fimbo, milimita chache tu mbele haijaanza kusukuma. Ukiukosa kwa freni, freni zinabaki zimeshika na magurudumu yanawaka moto, ukiukosa kwa ambrayaje, diski inateleza na kuisha haraka. Na waya pia, juu otomatiki inademare ikiwa ku P (parking) ao N (bila vitesi) tu, ukitoa bwati yake bila kupanga ile waya kontakti itabaki kimya, tunaipitisha ku swichi ya pedali ya ambrayaje ili gari isiruke ikiwa mu vitesi. Taa za stopu tunazicheki na mtu nyuma.

Kwa hiyo ukiwa Birere, mbele ya kulipa bwati, mwambie muuzaji akuongezee kiti ya pedali, silindri ya ambrayaje na swichi zake. Pini ya freni ikikosa klipsi yake usiifunge na waya, tuambie, tutakutafutia.