Malalamiko: setingi mpya za mtandao wenu zinakata traka zetu kimyakimya

Kwenu kitengo cha wateja wa biashara,
Dar es Salaam

Wakuu habari za kazi. Naandika kwa niaba ya ofisi yetu hapa Kariakoo, tunafunga traka za GPS kwenye bodaboda, bajaji na kirikuu. Laini zote zilizomo kwenye hizo traka ni za kwenu, bando tunalipa kila mwezi kwa mkupuo na hatujawahi kuchelewa, kwahiyo naomba sana hii barua isije ikajibiwa na yale majibu ya kukopi na kupesti.

Shida iko hivi. Tangu mfunge ile mitambo mipya ya data, ile mliyotutumia meseji kwamba mmetuboreshea huduma, traka ikipaki tu tunaipoteza. Na sio kwamba haina mtandao, ukiipigia inaita vizuri na bando lipo. Chombo kikiwa barabarani inatuma kila nusu dakika na kwenye ramani unaiona inavyokata kona, ila kikipaki traka inapumzika isije ikamaliza betri, inatuma kila baada ya dakika kumi, na hapo katikati muunganisho wake na seva yetu lazima ubaki hai maana ndo njia tunayopitishia amri ya kuzima injini.

Sasa laini zetu hazina IP ya umma, yaani anwani ya intaneti inayofikika moja kwa moja kutoka nje, tunapewa namba za ndani kama wateja wenu wengine halafu mtambo wenu ndo unazipitisha kwenda nje na kuweka kumbukumbu kwamba muunganisho fulani ni wa laini fulani. Mtambo mpya unafuta hiyo kumbukumbu muunganisho ukikaa kimya dakika tano. Nimepima mwenyewe, nimechomeka laini yenu kwenye modemu, nikafungua muunganisho na seva nikauacha bila kutuma kitu, dakika ya nne upo, ikipita ya tano hola. Laini ya kampuni nyingine, modemu ile ile, meza ile ile, inadumu. Logi zote, yaani rekodi za vipimo, nimeambatanisha.

Na mngekuwa mnafuta halafu mnatoa taarifa, yaani mnatuma hata paketi ya RST, ule ujumbe mfupi wa kusema muunganisho umevunjwa, pande zote mbili, traka ingejua imekatwa ingejiunga upya sekunde hiyo hiyo. Nyie mnafuta kimya. Seva inajua traka ipo, traka inajua seva ipo, kama watu wawili simu imeshakatika kila mmoja bado anasema haloo haloo. Mpaka traka ije itume, ikose jibu, irudie, irudie tena, ndo ishtuke.

Mnaweza kuona ni mambo madogo ya mafundi, basi sikieni. Kuna mama mteja wetu wa Mbagala, bajaji yake ni ya mkopo, iliibwa usiku Rangi Tatu imepaki nje ya geti. Akatupigia chapchap, kijana wetu wa zamu akabonyeza kuzima, kwenye skrini yake ile bajaji ina kidoti cha kijani kabisa kuonyesha ipo hewani, amri ikaondoka kwenye seva na haikufika popote. Najua mtasema traka inapokea na SMS, tulituma, ilifika wakati bajaji imeshavuka Kongowe. Ilikuja kupatikana Vikindu haina betri, haina redio, tairi la spea hamna. Yule mama hawajui nyie, anatujua sisi, na alichotuambia siku ile ofisini siwezi kuandika hapa.

Tulipopiga kastama kea dada akatuambia tuzime simu tuwashe. Dada yangu, hii sio simu, imefungwa chini ya siti ya pikipiki! Baadaye ndo tukapewa injinia mmoja, muungwana sana, akakiri kwamba wakati wa kuhamia mtambo mpya wateja wote waliwekwa kwenye konfigi moja, sisi na wanaoangalia TikTok kapu moja. Wa TikTok hawawezi kuona tofauti maana simu zao muda wote zinatuma kitu, ikikatika apu inajiunga yenyewe. Na ndo hapo naposhangaa, kwasababu injinia huyo huyo anasema mtambo mpya unaruhusu kila APN, yaani lango la data la kundi fulani la wateja, iwe na taima zake za kufuta muunganisho, na inabadilishwa bila kuzima kitu. Sasa uwezo mnao mmeununua, kwanini hamuutumii? Au mpaka bosi fulani aibiwe gari?

Halafu hizo dakika tano mmezitoa wapi? Mwongozo wa IETF, wale wanaoandika viwango vya intaneti, RFC 5382 wa mwaka 2008, unasema muunganisho wa TCP (aina hii tunayotumia sisi) uliokamilika usifutwe kabla haujakaa kimya kwa muda wa masaa 2 na dakika 4. Sijasema mfike huko kwa kila mteja, najua kumbukumbu za mtambo zina kikomo, lakini toka saa mbili na ushee mpaka dakika tano jamani.

Kwa sasa tumelazimika kuziamuru traka zitume kitu kila baada ya dakika tatu hata zikiwa zimepaki. Matokeo yake pikipiki ikilala siku mbili tatu asubuhi haiwaki, betri imenyonywa, mafundi wanatulaumu sisi, na bando linaenda kwa data ambayo haina kazi yoyote.

Tunachotaka: mtutenge kwenye APN yetu yenye taima ndefu, mtambo ukifuta muunganisho utoe RST, na mkitaka kugusa setingi za data tena mtuambie wiki kabla, kwa barua pepe inayosema nini kinabadilika, sio meseji ya pongezi. Pia mturudishie gharama ya bando la ziada tangu mtambo mpya uwashwe, hesabu yake ipo kwenye kiambatanisho.

Utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unatutaka tuanze na nyie kwanza, ndo maana barua imekuja kwenu. Kimya kikiendelea tunaipeleka kwao pamoja na logi. Injinia wenu akitaka kupima na sisi aje ofisini siku yoyote ya kazi, traka ya majaribio ipo mezani na laini yenu imo ndani.

Wenu,
Msimamizi wa ufundi, Kariakoo