Barua kwa Mwanaisha: habari za Gwadar

Matrah, Maskati

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila joto ndilo linatuandama. Umeniuliza imekuwaje babu wa babu yako atoke Pakistani, na huku alikuwa askari wa Sultani pale Ngomeni Mombasa. Kwanza hiyo Pakistani iondoe, maana zama zake haikuwapo. Wabulushi wa Mombasa, watu wa babu yako, asili yao Makrani, pwani kame iliyo baina ya Uajemi na Sindh. Bandari yake mojawapo ni Gwadar, na Gwadar ilikuwa mali ya Maskati, yaani ya Masultani wa Oman, mpaka juzijuzi, mwaka 1958.

Pwani ile wameipita wengi wenye majeshi. Iskandar wa Makedonia aliikata mwaka 325 KK akitoka Bara Hindi, jangwa likamlia watu wake vibaya. Waarabu nao wakafika zama za Khalifa Umar. Inapokewa kuwa mjumbe alimweleza Umar nchi ile kwa vina: maji haba, tende mbovu, maadui mashujaa, jeshi kubwa litakufa njaa na dogo litapotea. Umar akamuuliza, wewe mjumbe au mtunga mashairi? Kisha akakataza jeshi lisisonge mbele. Wareno, hao hao waliotutesa sisi, waliichoma Gwadar na Pasni mwaka 1581. Wabulushi wana shujaa wao wa zama za Wareno, Hammal Jiand, na tungo za kumsifu zinaimbwa hadi leo. Waliokuja katikati sitaki kukuchosha nao. Wewe jua tu kwamba karne ya 18 Makrani ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Gichki, kisha Nasir Khan, mtawala wa Kalat, milki jirani, akawaelemea, na mapato ya nchi wakawa wanagawana nusu kwa nusu.

Sasa sikiliza. Kiasi cha mwaka 1783, Sultan bin Ahmad wa ukoo wa Busaidi, watawala wa Oman, aligombana na jamaa zake Oman, akakimbilia Makrani. Nasir Khan akampa Gwadar ajikimu kwa mapato yake. Mwaka 1792 mkimbizi yule akaja kushika utawala wa Maskati, na Gwadar hakuirudisha. Kalat wakadai ilikuwa ya kumsitiri tu mpaka mambo yake yatengenee. Maskati wakasema ni zawadi. Mimi mkate wa Waomani naula, lakini katika hili nawapa haki Kalat, kwani Khan mwenyewe alikuwa na nusu tu ya mapato. Angetoaje mji mzima moja kwa moja?

Huyo Sultan bin Ahmad ndiye baba yake Seyyid Said, wa Unguja yenu. Kwa hiyo mwana alipohamia Zanzibar, Gwadar na Mombasa zilikuwa chini ya bwana mmoja, na ndiyo maana wazee wako walikuja na bunduki, wakakaa Ngomeni, wakaoa, wakajenga msikiti wao kule Makadara. Majahazi nayo hayakurudi matupu. Makrani kuna watu asili yao Afrika, wanaoitwa Mashidi, wengi wao babu zao walipelekwa utumwani. Hilo nyumbani kwenu nadhani halisemwi sana.

Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 watoto wakagombea urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana wa Waingereza huko India, akaamua: Majid abaki na Zanzibar, Thuwaini na Maskati, na Zanzibar imlipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Gwadar ikabaki kwa Thuwaini. Miaka hiyohiyo Waingereza wakapitisha waya wa telegrafu pale, wakaweka na afisa wao, na tangu hapo bendera ikawa ya Sultani, neno likawa la Mwingereza. Hadithi hiyo Mombasa mnaijua.

Makrani, ukitoa upande wa Uajemi, ilipojiunga na Pakistani mwaka 1948, Gwadar peke yake ikabaki ya Oman, hadi Sultani Said bin Taimur alipowauzia Pakistani mwaka 1958 kwa pauni milioni 3. Miaka mitano baadaye ukanda wenu wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, nao ukatiwa saini kwenda Kenya. Ninyi angalau mlikuwa na watu wa Mwambao waliopiga kelele pwani ijitawale. Kule mji uliuzwa na watu ndani yake, na wengi wana jamaa zao huku Matrah.

Leo bandari mpya ya Gwadar inaendeshwa na kampuni ya Kichina tangu 2013. Mwishoni mwa 2021 wavuvi na wake zao walijaa barabarani wakitaka meli kubwa za uvuvi ziondoke, vizuizi vya askari vipunguzwe, na maji ya kunywa yapatikane.

Muulize Mama Mkubwa kama wazee walitaja Kech, Pasni au Gwadar yenyewe. Hapa Matrah kuna wazee wa Kibulushi wanaojua koo zao, na ukinipa jina la ukoo nitawaulizia Ijumaa baada ya sala.

Rafiki yako,
Salma