Safari ya Rubondo: maandalizi ya kupanda vilima vya Masa

Ndugu wanachama, habari za jioni.

Tutaondoka Dodoma Alhamisi alfajiri kupitia Singida na Shinyanga hadi Geita, tutalala huko, na kesho yake tutavuka kwa boti ya hifadhi hadi Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria. Ziwa Victoria huchafuka mchana upepo unapoanza, kwa hiyo atakayechelewa asubuhi hiyo hatasubiriwa.

Vilima vya Masa, kusini mwa kisiwa, vina kimo cha mita 1,486 juu ya usawa wa bahari, yaani takribani mita 350 tu juu ya ziwa. Waliozoea kupanda Mlima Simba wa hapa Dodoma wasiridhike na takwimu hiyo, kwani huku kwetu tunakanyaga mwamba mkavu na kuona mbele, ilhali Rubondo ni msitu mnene wenye unyevunyevu. Tutatembea nyuma ya askari wa hifadhi, wala hakuna atakayejitenga, hata kwa ajili ya picha.

Kuhusu mavazi nasisitiza: mbung'o wapo, na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, hivyo fulana zetu za kikundi (nzuri kweli, lakini za buluu) zibaki nyumbani. Vaeni kaki, mikono mirefu na suruali nzito. Kuogelea hairuhusiwi, kwa kuwa ziwa lina mamba na viboko.

Sokwe waliletwa kisiwani kuanzia 1966. Kuwaona ni bahati, msiwaahidi watoto.

Mwenye pumu au shinikizo la damu anijulishe faragha kabla ya Jumatatu.