Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyonitaka, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha kudarizi, kwa mishono ya msalaba, vitambaa vya alfabeti na mapambo kama vile vya kale. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 10. Tulifundishana kuhesabu nyuzi za kitani, kuanza uzi bila fundo na kulaza mishono yote ya msalaba upande mmoja. Picha za vitambaa vya kale tulizitazama mwezi Machi. Mjadala wa kuchovya kitambaa kwenye chai ili kionekane cha zamani tuliufunga: tindikali ya chai hula nyuzi taratibu, na mwenye haraka ya uzee anunue kitani kilichokwisha kutiwa rangi. Namshukuru katibu kwa mihutasari yake.

Sasa niingie kwenye jambo lililoleta maneno, yaani herufi.

Kitambaa chetu cha pamoja cha mwaka huu, ambacho kila mwanachama anadarizi chake, nilikibuni mimi mwenyewe, kwa penseli na karatasi ya miraba, usiku watu wamelala, na sikudai chama hata pesa ya kifutio. Upana ni misalaba 112, urefu 160. Kwenye kitani cha nyuzi 32 kwa inchi, kila msalaba ukishika nyuzi mbili, unapata inchi 7 kwa 10. Alfabeti niliiweka ya herufi 24, bila J wala U, kama ilivyo kwenye vitambaa vingi vya Uingereza vya karne ya 17 na ya 18. Enzi zile I ilifanya kazi ya J, na V ikafanya ya U.

Nimepokea barua yenye saini 9 inayosema nimewanyang'anya watu majina. Mwanachama mmoja, ambaye jina lake linaanza na J, aliniuliza mbele ya wote kama nataka wajukuu wake wamsome kwa I. Mwingine akasema nimebakiza Q na X, ambazo Kiswahili hakina haja nazo, nikaondoa U, wakati bila hiyo hata "uzi" huwezi kuuandika. Na ni kweli, neno UMOJA pale chini, juu ya mwaka, limetoka VMOIA. La kwangu nilipolimaliza nililikodolea macho. Mume wangu aliuliza kama ni jina la dawa.

Hata hivyo nitajibu. Jane Bostocke, ambaye kitambaa chake cha 1598 kimo Victoria and Albert Museum, London, na ndicho kikongwe zaidi cha Uingereza kinachojulikana chenye tarehe, alidarizi jina lake IANE. Mwenye jina aliridhika, sisi tunalalamikia nini? Tena kuna hesabu. Herufi 24 zinakaa safu 3 za herufi 8, na ukingo wa stroberi unakutana sawasawa kwenye pembe zote nne. Herufi 26 hazigawanyiki kwa 3. Msidhani sikujaribu: stroberi ya pembe ya kulia ilikatika katikati ya jani, nikakesha nikifumua upande mzima, msalaba mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano.

Halafu kuna suala la uhalali. Uamuzi wa herufi 24 ulipita kikao cha Aprili. Akidi yetu ni watu 15. Tulikuwa 8, tukasubiri dakika 40. Wanaosema uamuzi ni batili kwa kukosa akidi ndio hao hao waliokosesha akidi. Kati ya wale 9 waliotia saini, 5 hawajaonekana kikaoni mwaka mzima, ila kusaini walipata nafasi. Kwa wastani tumekuwa tukihudhuria watu 11.

Ada nayo. Tuko wanachama 41: waliolipa yote 17, waliolipa nusu 9, ambao hawajalipa kitu 15. Sitataja majina, ingawa mhazini alitaka niyataje. Nitasema tu kwamba kitani cha mazoezi kimegharamiwa na wale 17, na kila anayekaa mezani hukikata.

Waliomaliza kitambaa cha mwaka ni 6, nami nikiwemo. Wapo wanaojitetea kwamba hata Elizabeth Parker, yule aliyedarizi mkasa wa maisha yake kwa uzi mwekundu mnamo 1830, alikomea katikati ya sentensi na sehemu ya chini ikabaki tupu. Sawa. Lakini yeye alipokomea alikuwa ameshajaza msalaba juu ya msalaba, herufi ndogo zisizo na pambo, ukurasa mzima wa uchungu. Wetu wengi wamekomea kwenye C.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikiruhusu, tunatarajia kufanya maonyesho, na pengine tujaribu kitambaa kirefu chembamba cha safu safu kama vile vya karne ya 17. Kamati itaangalia.

Kwa ajili ya amani nimechora pia karatasi ya nyongeza yenye J na U. Ukingo wake haukutani kwenye pembe moja, nimewaambia mapema. Inapatikana kwa katibu, kwa mwanachama atakayekuja na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti