Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shimo la Ulanga na Kifusi Chake

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu za chama chetu cha wakusanya mawe zimekwenda mahali pamoja: shimo la zamani la ulanga (maika) kwenye vilima vya chini vya Uluguru, na zaidi kile kifusi kilicholala mdomoni mwake. Tunaingia kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye leseni, serikali ya kijiji ina taarifa, na shimo liko nje ya mpaka wa hifadhi ya msitu. Mambo ya ada ni machache na nimeyaweka mwishoni. Nafasi kubwa naiachia mawe.

Wanachama wapya wameuliza kwa nini tunashinda kwenye kifusi badala ya kupiga ukuta wa shimo. Ulanga wa Uluguru ulianza kuchimbwa zama za Wajerumani, na wachimbaji wa wakati huo walitafuta kitu kimoja tu: vitabu vya ulanga mweupe, yaani maskovaiti, vinavyochanika kurasa nyembamba zisizo na doa, kwa kazi ya kuhami umeme na kwa vioo vya majiko. Kisichokuwa ulanga kilitupwa. Madini mengine yenye fuwele, yaani berili, ganeti, tumalini na apataiti, yote yalikwenda kwenye lundo, na humo yamo hadi leo.

Hata huo ulanga uliobaki una la kufundisha. Chukua kitabu, pitisha ncha ya kisu chembamba ukingoni, kisha kifungue katikati, halafu kila nusu katikati tena. Ukianza kuchana ukurasa mmoja mmoja kutoka juu, kisu hupanda na kutoboa. Tazama ukurasa dhidi ya mwanga. Mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula itakatika mahali hapo hapo ukikunja. Mikunjo inayokutana kwa pembe, mithili ya herufi A, inazuia ukurasa kutoka mzima. Madoa mekundu au meusi ni chuma kilichonaswa kati ya kurasa, nayo ndiyo yaliyofanya vitabu vingi vikubwa vitupwe, kwa kuwa hupunguza uwezo wa kuhami umeme. Na tafadhali, ulanga hauloweshwi. Maji huingia kati ya kurasa yakiwa na tope, na tope likishakauka humo halitoki tena. Brashi kavu inatosha.

Sasa kifusi. Tunachimba kutoka juu kushuka, kwa ngazi, wala hatufukui chini ya lundo, kwa sababu kifusi cha ulanga kinateleza kuliko changarawe ya kawaida: kila bapa la ulanga ni utelezi. Machekeche ni mawili, la juu lenye matundu ya milimita 20 na la chini la milimita 5. Kinachobaki juu kinaoshwa ndani ya karai na kutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza kikiwa kimelowa, maana rangi ya kijani au ya bluu hafifu ya berili huonekana vizuri kwenye maji. Mara ya pili kikiwa kimekauka, maana mistari ya usoni mwa fuwele huonekana pakavu tu. Walioruka hatua ya pili wamerudisha berili kwenye lundo wakidhani ni kwatzi, lile jiwe la kawaida lililojaa humo.

Tofauti zenyewe ni hizi. Fuwele ya kwatzi ina mistari inayokwenda mapana, na kichwa chake huchongoka. Berili ina mistari ya urefu na mara nyingi kichwa bapa. Apataiti nayo ina pande sita na inaweza kuwa ya kijani, lakini ugumu wake ni 5 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kwa hiyo kisu cha chuma kizuri kinaikwaruza. Berili ni 7.5 hadi 8, kisu hakiiwezi. Tumalini nyeusi itambue kwa kuitazama kutoka kwenye ncha: mkato wake ni pembetatu yenye mashavu ya mviringo. Ganeti za shimo hili ni nyekundu iliyokolea, zina nyuso nyingi, na karibu zote zina nyufa. Ni nzuri kwa mkusanyiko, hazifai kukatwa. Na wanaotafuta rubi humo wasipoteze siku. Rubi na spineli za Matombo na Mahenge hutoka kwenye marumaru. Mwamba uliojaa kwatzi kama huu haulei rubi.

Jiwe likibaki na utata, pima densiti, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, glasi ya maji na uzi vinatosha. Pima jiwe likiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe sifuri. Ning'iniza jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, kisha usome. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 26.5 likisoma 10.0 ndani ya maji, densiti ni 2.65, hiyo ni kwatzi. Berili huwa karibu na 2.7, na hapo ndipo kosa dogo linapokupotosha. Apataiti ni 3.2, ganeti hizi zinapita 4. Majibu mabaya yametokana na mambo matatu: viputo vya hewa vilivyoshika jiwe, udongo uliobaki ndani ya nyufa, na mawe madogo mno. Chini ya gramu 5 msiamini jibu.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote ni lile jiwe jeusi. Pegmatiti za Uluguru, yaani miamba ya fuwele kubwa kama huu wa shimo letu, zina jiwe hilo: uraninaiti, oksidi ya urani, metali itoayo mionzi. Uraninaiti ya huku ilivuma duniani mapema sana. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alieleza madini mapya, kabonati ya njano iliyotokana na kuchakaa kwa uraninaiti ya Morogoro, akayapa jina la rutherfodini kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Miaka michache baadaye, Vienna, wakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walitoa metali ya risasi kutoka ndani ya fuwele za uraninaiti ya Morogoro na kupima uzito wake wa atomu. Walipata takribani 206.05, wakati risasi ya kawaida ni 207.2. Risasi ile ilikuwa imezaliwa na urani ndani ya jiwe lenyewe, na kipimo hicho kikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti. Kipimo kile kingekuwa na maana gani kama hakuna mtu aliyeandika jiwe limetoka wapi?

Kwa hiyo daftari limekuwa sharti. Kila jiwe linalotoka linawekewa tone la rangi nyeupe lenye namba, na daftarini panaandikwa tarehe, upande wa shimo, kina ndani ya lundo, na limeshikamana na nini: felspa (madini mengine ya kawaida ya mwamba huu), kwatzi ya kiini cha katikati, au ulanga wa ukingoni. Jiwe lililoshika mwamba wake msilichonge kulifanya safi. Ule mwamba ndio unaosema fuwele ilikua sehemu gani ya pegmatiti, na berili nyingi za shimo hili zimeshika felspa upande mmoja na kwatzi upande wa pili.

Uraninaiti yenyewe haibebwi. Itambue: nyeusi, mara nyingi mchemraba, nzito ajabu kwa ukubwa wake, ikiwa na ukoko wa njano au wa machungwa. Kwatzi iliyoizunguka huwa ya moshi, felspa huwa nyekundu, na nyufa hutawanyika kutoka kwake kama miale. Ukiona dalili hizo, acha nyundo. Usipasue, usilambe jiwe kama wengine walivyozoea, usile kabla ya kunawa. Weka alama, sogea mbali na umwite msimamizi mwenye kipima mionzi. Umbali unasaidia sana: ukiuongeza mara mbili kutoka kwenye jiwe dogo, mionzi inayokufikia hubaki robo. Vumbi ndilo baya, kwa sababu likiingia kifuani hakuna umbali tena. Taarifa inapelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania pamoja na mwenye leseni. Aliyekwisha kuwa na jiwe la namna hiyo nyumbani aseme sasa, hatalaumiwa. Kuliweka ndani ya kabati la chumba cha kulala ni kujikusanyia radoni, gesi yenye mionzi.

Kutu ya chuma kwenye kwatzi na berili inatoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 50 kwa lita, ndani ya ndoo ya plastiki, nje ya nyumba, siku mbili au tatu. Tumia maji ya mvua. Maji yenye chokaa huacha utando usiotoka. Vaa glavu, usichemshe. Apataiti msiitie humo, inapoteza mng'ao.

Ukuta wa mashariki umefungwa. Felspa ya chini imeoza kuwa udongo mweupe wa kaolini, mvua inauosha, na kwatzi ya juu inaning'inia bila mguu. Mabonge huanguka bila kutoa sauti ya onyo. Asiyechimba na asimame mbali na ukuta huo umbali usiopungua kimo cha ukuta wenyewe. Anayechimba hana kazi pale.

Ada ya mwaka haibadiliki. Fedha za kwanza zitanunua kipima mionzi cha pili, kwani kimoja hakitoshi makundi mawili. Shimo litafungwa masika yote, Machi hadi Mei. Kikundi cha Juni kije na nyundo, tindo, miwani ya kukinga macho, viatu vigumu, mifuko ya karatasi na kalamu ya risasi; wino wa kalamu ya kawaida umefutika kwenye lebo nyingi mwaka huu.

Mwenyekiti