Kabla hujailipia ile mashine ya kukata majani

Ipuli, Tabora
Septemba

Binti yangu,

Mwangaluka. Mama yako ndiye aliyesema nianze hivyo, Kigoma isije ikakusahaulisha salamu za kwenu. Sisi hatujambo. Joto limeanza, maembe bado machanga, na watoto wa jirani wameshaanza kuyapopoa.

Picha za zile mashine tatu za kukata majani, unazochagua kwa kazi yako ya bustani za watu, nimeziona. Juzi nilipokupigia simu ilikata mara mbili, nikaona heri niandike. Habari za mashine hazitaki haraka.

Nianze na ile kubwa ya kukalia, maana najua ndiyo iliyokuingia moyoni: umenitumia picha yake mara nne, na zile nyingine mara moja moja. Sikatai, inafyeka upana wa sentimita 122 kwa mpigo mmoja, na mtu anakaa juu yake kama mkurugenzi. Lakini itapita geti gani? Nyumba za wateja wako ninazozijua zina geti la watu, na hilo geti kubwa mwenyewe huwa kasafiri na ufunguo. Kila asubuhi utakodi gari la kuibeba. Na Kigoma haina tambarare ya kuchezea, nusu ya bustani zako zinaporomokea ziwani. Hiyo iache kwa wenye viwanja vya mpira.

Ya pili, ile mpya ya bei poa isiyo na jina linalojulikana. Hapa nina kidonda changu, nivumilie.

Unaikumbuka ile pampu niliyoinunua nilipolima nyanya bondeni? Ilikuwa mpya, inang'aa, bei yake nusu ya zile wenzangu walizonunua. Nikawacheka. Wiki ya sita springi ya kamba ya kuwashia ikakatika, kitu kinachoenea kiganjani. Fundi akajaribu ya pampu nyingine, haikukaa. Nikaagiza Dar, ikaja siyo yenyewe. Nikaagiza tena. Nyanya zikasinyaa huku naziangalia, na maji yako hatua arobaini kutoka pale. Leo ile pampu iko chini ya mwembe, yule kuku wa madoadoa anatagia kwenye fremu yake. Mama yako kila akiokota yai anasema, "Hii ndiyo faida ya pampu."

Kwa hiyo nikisikia "bei poa" huwa nauliza: siku ikifa, itakaa imekufa siku ngapi? Kabla hujatoa shilingi, chukua picha ya injini, zunguka maduka ya spea pale Mwanga. Uliza plagi, filta ya hewa, kabureta, springi ya kamba na kisu. Kama wanakujibu "tutakuagizia" kwa vyote, umepata jibu lako. Halafu teremka Kibirizi kwa mafundi wa injini za boti. Wale wamezoea injini za kuchanganya oili na petroli, hii yako itakuwa na oili yake pembeni, lakini fundi aliyezoea kufufua injini za watu wanaotegemea samaki wa usiku huu hawezi kukulaza na mashine wiki nzima.

Iliyobaki ni ile ya mtumba, ya kusukuma, yenye injini ya Honda GXV160. Hiyo ndiyo ningeitazama. Injini ni ya sentimita za ujazo 163, silinda yake imevikwa chuma ndani, haichakai upesi kama aluminiamu tupu. Soma herufi vizuri kwenye injini yenyewe: ipo ndugu yake, GCV160, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekata bustani yake Jumamosi. Wewe utakata kila siku. Upana wa sentimita 53 unatosha, na ukikunja mkono wake inapakiwa kwenye guta.

Lakini mtumba ni mtumba. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, salamu kwanza, kisha weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ujue inaona haya kuwaka ikiwa baridi, na yeye anajua. Ikiwa baridi, vuta kamba taratibu: iwe na uzito, ikurudishe kidogo. Ikiteleza kama uzi wa kishada, mgandamizo umekwisha. Ikiwaka, tazama moshi. Wa buluu usiokoma maana yake inakunywa oili.

Kisha izime, chomoa waya wa plagi (usiache kufanya hivi hata siku moja, vidole havina spea), ilaze filta ya hewa ikiwa juu ili oili isiingie humo. Mwambie mtu avute kamba polepole, wewe macho yako yawe kwenye boliti ya kati ya kisu. Ikizunguka palepale, sawa. Ikiyumba, hata kidogo kama jino linalolegea, kranki, ule mhimili unaozungusha kisu, imepinda, iligonga jiwe. Hapo mshukuru, nenda zako. Mtu asikwambie "inanyooshwa".

Kisu ukinunua butu si neno. Utakinoa kwa tupa, halafu kitundike kwa tundu la katikati kwenye msumari ukutani. Upande utakaoshuka ndio mzito, uongeze tupa huko mpaka kitulie mlalo. Kisu kisicho na mizani kinakutetemesha mikono na kinaua beringi.

Kuhusu miteremko: mashine ya kusukuma ikate kwa kuambaa na mlima, usipandishe na kushusha, ukiteleza isikufuate mguuni. Mteremko wa nyuzi 15 ndio ninaokuruhusu. Huo ni kupanda kama sentimita 27 kwa kila mita 1, pima kwa fimbo na kamba. Zaidi ya hapo oili inaweza kuhama upande mmoja, injini ikazunguka kavu. Sehemu hizo fyeka kwa mkono na uzitoze zaidi.

Fedha sasa. Una wateja 8, mara mbili kwa mwezi, 20,000 kila safari: 320,000 kwa mwezi, kabla ya petroli, guta na kijana wa kukusanya majani. Hiyo ni kuanzia Oktoba mpaka Mei. Juni mpaka Septemba ukoka umekauka, nani atakuita? Ukikopa, mkopeshaji haendi likizo ya kiangazi. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 ya mapato inayotengwa kwa wanawake, hauna riba, lakini unataka kikundi, na mvua haitawasubiri mkae vikao. Mimi ninazo 200,000 za asali, nitakutumia ukishaniambia boliti ilizungukaje.

Kwenye kifurushi kuna spana ya plagi, tupa, na kamba ya kuvutia mita 2 ya akiba. Asali iko kwenye ile chupa ya maji, mama yako ameifunga kwa nailoni mara tatu. Mayai amekataa kutuma, anasema treni itayavunja.

Baba yako