Siasa za Waafrika wa Afrika Kusini hazikuanza 1948

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu Afrika Kusini huanzia mwaka 1948, makaburu wa chama cha National waliposhika serikali. Msomaji hubaki akidhani Mwafrika wa huko aliijua siasa baada ya kukandamizwa na ubaguzi. Sivyo.

Katika koloni la Waingereza la Cape, ambalo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, katiba ya 1853 haikuweka sharti la rangi. Mwanamume mwenye nyumba au ardhi ya thamani ya pauni 25, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, alikuwa na haki ya kupiga kura. Waafrika, wengi wao wasomi wa shule za misheni kama Lovedale, walijiandikisha, na kwenye baadhi ya majimbo ya mashariki wagombea wa Kizungu walilazimika kuwaomba kura. John Tengo Jabavu alipoanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu mwaka 1884, wapiga kura hao walipata sauti.

Tazameni walivyopokonywa. Sheria ya 1887 ilikataa kuhesabu ardhi ya pamoja ya kimila kuwa mali ya mpiga kura. Waxhosa waliiita ya kushona mdomo. Ile ya 1892 ilipandisha kiwango cha mali hadi pauni 75 na kumtaka mtu aandike mwenyewe jina, anwani na kazi yake. Rangi haikutajwa, lakini kila mtu alijua nani analengwa. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape wakatolewa kwenye daftari la wapiga kura walilochangia na Wazungu.

Ndiyo maana siafikiani na wanaowabeza waasisi wa ANC, waliokutana Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, kuwa waombaji wa kuandika barua kwa serikali ya Uingereza, London. Walidai haki ambayo baadhi yao walikuwa nayo mkononi.

Huo ni mkondo mmoja tu. Mchungaji Mangena Mokone alijitenga na Wamethodisti akaanzisha Kanisa la Ethiopia Pretoria mwaka 1892, kwa kuchoshwa na ubaguzi ndani ya kanisa. Clements Kadalie, mzaliwa wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliunda chama cha wafanyakazi cha ICU mwaka 1919 bandarini Cape Town. Anayetaka kumwelewa Robert Sobukwe wa chama cha PAC au Steve Biko wa vuguvugu la Black Consciousness, waliokataa kuongozwa na Wazungu hata wale wenye nia njema, aanze na Mokone.

Naomba makala zenu zijazo zianzie huko.

Msomaji wenu